Kura ya Chama cha Tatu Si Lazima Izame Ziwani



Lipo neno linalosemwa sana mjini Bujumbura tangu 1993, na bado lasikika bandarini, sokoni, katika magereji na kwenye milango ya viwanda: "Ukimpigia mtu wa chama cha tatu, kura yako umeitupa ziwani." Neno hili hulisema watu wa vyama vikubwa, na hilo si la kushangaza, kwani kila mwenye duka hupenda wateja waamini kwamba mtaani hakuna duka jingine. La kushangaza ni kwamba sisi wafanyakazi tumelipokea kama hesabu ya kujumlisha, kitu kisichohitaji kuulizwa. Sisi wa sendika twaona lafaa kuulizwa, tena mapema, kwa maana uchaguzi wa rais watungojea mwaka 2027, na wagombea wadogo watakuja tena kubisha hodi kwetu wakitaka kura na michango.

Kwanza tupatane juu ya maneno. Tukisema chama, hapa twasema chama cha siasa. Tukisema sendika, twasema umoja wetu wa kazini. Wazee wetu walikaa miaka mingi bila kuweza kuvitenga vitu hivyo viwili. UTB, iliyoundwa 1967, ilikuwa chini ya UPRONA. UPRONA ndicho chama pekee kilichoruhusiwa. Na mwajiri mkubwa kuliko wote alikuwa serikali ya UPRONA. Mfanyakazi aliyekuwa na mashitaka alimshitaki mwajiri kwa mwajiri. Ndiyo maana leo twaogopa sana kuiweka sendika mfukoni mwa chama chochote, kikubwa au kidogo, na msomaji asidhani kwamba makala hii yamfanyia mtu fulani kampeni.

Sasa tuitazame 1993 yenyewe. Katiba mpya ya Machi 1992 ilirudisha vyama vingi. Tarehe 1 Juni 1993 Warundi walipiga kura ya rais, na wagombea walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Meja Pierre Buyoya wa UPRONA, aliyekuwa madarakani. Wa pili alikuwa Melchior Ndadaye wa FRODEBU. Wa tatu, ambaye vijana wengi hawamjui hata kwa jina, alikuwa Pierre Claver Sendegeya wa PRP. Ndadaye alipata kama kura 65 kwa mia, Buyoya kama theluthi moja, na Sendegeya kama moja na nusu kwa mia, yaani kura zilizopita kidogo 33,000. Mwisho wa mwezi huo huo walichaguliwa wabunge: viti 65 FRODEBU, viti 16 UPRONA, na vyama vingine vyote sifuri.

PRP kilikuwa chama cha watu waliopenda ufalme, na kumrudisha mfalme si jambo ambalo sisi tungelipitishia kopo la mchango. Hata hivyo twajiuliza kwa nini katika watu milioni mbili na zaidi waliopiga kura hakutokea wa tatu mwenye nguvu, hata wa kuzungumzia mishahara tu. Jibu kila mtu mzima wa mji huu analijua. Kura iligeuka kuwa sensa. Mtu hakuulizwa wataka nini. Aliulizwa wewe ni wa upande gani. Na pande zikiwa mbili tu, asimamaye katikati huonekana kama mtu anayejificha, au mpelelezi. Ugonjwa huo uliingia mpaka kazini. Mjumbe wa wafanyakazi aliyejulikana kuwa wa chama hiki hakuaminiwa tena na waliojulikana kuwa wa chama kile, hata akileta habari ya viatu vya kazi au ya daktari. Mwajiri alikaa akitazama, hakuna aliyemsumbua.

Yaliyofuata hatutayasimulia kwa urefu. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Ndadaye aliuawa, na nchi ikaingia vitani zaidi ya miaka kumi. Machi 1995 Bwiza na Buyenzi ziliingiliwa na watu wakafukuzwa, mitaa ambayo Mhutu, Mtutsi na Mkongo walikuwa wakichota maji bomba moja na kugombana kwa Kiswahili kimoja. Hatusemi kwamba chama cha tatu kingeliyazuia hayo, kwani kudai hivyo ni kuwatukana wafu. Twasema tu kwamba nchi ambayo kura yake ina milango miwili, na kila mlango una kabila lake, haina mahali pa kupitishia swali la mkate.

Na swali la mkate ni hili. Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa na serikali 1988 kilikuwa franka 160 kwa siku kwa Bujumbura na Gitega, na franka 105 kwa mikoa mingine. Kiwango hicho kilidumu zaidi ya miaka 30. Mwaka huo wa 1988 UPRONA ilitawala. Baadaye ikaja FRODEBU, zikaja serikali za kugawana, na tangu 2005 inatawala CNDD-FDD. Wote hao walipita mbele ya kiwango hicho kama watu wapitavyo mbele ya kaburi la mtu wasiyemjua. Franka 160 haitoshi nauli ya basi la kutoka Kamenge hadi mjini kwa safari moja, na bado mtu hajala. Ni kweli kwamba wengi hulipwa zaidi ya hapo, maana hata mwajiri mbaya ajua kwamba maiti habebi magunia. Lakini kibarua akienda kudai haki yake mbele ya mkaguzi wa kazi, sheria inayomngoja pale ni kiwango cha zamani hicho. Vyama vikubwa vimeshindana kwa maneno, kwa kura, na kwa bunduki pia, wakati mashindano yao hayakuigusa franka 160 hata siku moja. Hapo ndipo twaona haja ya kutazama nje ya milango miwili.

Lakini tuwe waaminifu. Anayesema kwamba kura ya tatu haipotei kamwe naye ni mwongo. Majirani zetu wa Kenya walijionea Desemba 1992. Wapinzani walisimama watatu wakubwa, Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Oginga Odinga, na kwa pamoja walipata zaidi ya kura 60 kwa mia. Rais Moi alipata kama 36 kwa mia, akabaki Ikulu, kwa kuwa sheria yao wakati huo ilimpa ushindi aliyetangulia hata bila nusu, mradi awe na kura za kutosha katika mikoa mitano. Pale kugawana kulimnufaisha yule yule waliyetaka kumtoa.

Mfano wa Zanzibar wafundisha jambo jingine, na wazee wengi wa Buyenzi waliufuatilia kwa redio siku zile. Pale palikuwa na vyama viwili vikubwa, ASP na ZNP, kila kimoja na watu wake na hofu zake. Kutoka ndani ya ASP kikachomoka chama cha tatu, ZPPP, chake Mohamed Shamte, chenye nguvu zaidi Pemba. Januari 1961 ASP ikapata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. Watatu hao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa kumi na moja kwa kumi na moja, serikali haikuundika. Juni ukaitishwa uchaguzi wa pili: ASP 10, ZNP 10, ZPPP 3. Safari hii watatu walikwenda wote kwa ZNP, na Shamte mwenye viti vitatu akawa mkuu wa serikali. Siku ya kura palizuka ghasia, wakafa watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, na bado ikabaki nje, kwa sababu ZNP na ZPPP walijumlisha viti vyao. Uhuru ulipatikana 10 Desemba 1963, na serikali ile ikapinduliwa 12 Januari 1964.

Wako watakaosema: tazameni, chama cha tatu huleta balaa. Sisi twaona vingine. Kura za ZPPP hazikupotea hata kidogo. Zilikuwa na nguvu kuliko zote. Shida ilikuwa ni nani aliyeishika hiyo nguvu baada ya kura kuhesabiwa. Mkulima wa Pemba aliyewapigia alikuwa na njia gani ya kuwaambia wakae upande gani, na kwa bei gani? Chama cha tatu kisicho na watu wa kukiuliza ni kama teksi iliyoegeshwa penye njia panda. Atakayelipa ndiye atakayeamua inakokwenda, na wewe uliyeisukuma asubuhi ikawaka utaachwa hapo na mikono michafu.

Basi tutazame mahali ambapo waliokishika walikuwa wafanyakazi. Uingereza ya mwaka 1900 ilikuwa na vyama viwili, Conservative na Liberal, vilivyopokezana serikali kama mafundi wawili na nyundo moja. Wafanyakazi wengi waliwapigia Liberal, wakiambiwa neno lile lile tuambiwalo sisi: ukipiga pembeni, mbaya zaidi atapita. Februari mwaka huo wajumbe wa sendika na wa jumuiya za kisoshalisti walikutana London wakaunda kamati ya kuwapeleka wafanyakazi bungeni. Uchaguzi ulikuja kabla mwaka haujaisha. Kamati ilipata viti 2 kati ya 670. Kimoja kilikuwa cha Keir Hardie, aliyeingia mgodi wa makaa akiwa mtoto wa miaka kumi, na kimoja cha Richard Bell, katibu wa sendika ya reli. Hebu fikiri ndugu, mia sita na sabini, nawe una wawili! Bila shaka walichekwa.

Mwaka uliofuata mahakama kuu ikatoa hukumu katika kesi ya kampuni ya reli ya Taff Vale. Wafanyakazi walikuwa wamegoma, kampuni ikaishitaki sendika, na majaji wakasema sendika yaweza kulipishwa hasara ya mgomo. Ilitoka pauni 23,000 katika mfuko wa watu wa reli. Hapo sendika zilizokuwa zikisitasita zikafahamu kwamba bila watu bungeni, mfuko wao wote ungeweza kuchukuliwa kwa karatasi moja. Zikajiunga kwa wingi. Mwaka 1903 wakakubaliana kila mwanachama atoe peni moja kwa mwaka ili wabunge wao walishwe, kwani wakati huo mbunge hakuwa na mshahara wa serikali, na asiye tajiri hakuweza kukaa bungeni bila kulishwa na mtu. Peni hiyo moja twaiona kubwa kuliko hotuba zote za miaka ile. Mbunge aliyelishwa na peni ya mchimba makaa alijua mwisho wa mwaka atarudi kwa nani.

Wala hawakushinda kwa ubishi mtupu. Mwaka huo huo wa 1903 walipatana na Liberal kwa siri kwamba katika majimbo kama thelathini wasigombee dhidi ya wao kwa wao, ili kura zisigawanyike Conservative akapita katikati. Wapo wanaolitaja jambo hili kwa aibu. Sisi twaona ilikuwa akili. Mwaka 1906 walipata viti 29, na mwaka huo huo sheria ya kuilinda mifuko ya sendika ikapitishwa. Aliyeipitisha ni serikali ya Liberal, wala haikuwa huruma: viti vile 29 vilikuwa vinawatazama, na nyuma ya kila kiti kulikuwa na wapiga kura ambao Liberal walikuwa wakiwahesabu kuwa wao. Serikali ya kwanza ya wafanyakazi iliundwa 1924. Aliyepiga kura 1900 na kuambiwa ameitupa alingoja miaka 24 kuona serikali, lakini alingoja sita tu kupata sheria.

Mtu asiseme hayo ni ya Wazungu. Hapa kwetu, katika uchaguzi wa komini mwishoni mwa 1960, waliotangulia walikuwa PDC, chama kilichopendwa na Wabelgiji, kwa madiwani zaidi ya 900. UPRONA ilipata 545, na Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alikuwa amefungiwa nyumbani kwa amri ya wakoloni. Kwa hesabu ya "kura ya kutupa", UPRONA ilikuwa imekwisha. Tarehe 18 Septemba 1961, mwaka haujatimia, ilipata viti 58 kati ya 64. Haukuwa muujiza. Nyuma yake kulikuwa na watu waliokwisha kuzoeana katika ushirika wa wafanyabiashara alioanzisha Rwagasore 1957, na kulikuwa na wachuuzi na madereva wa Buyenzi waliobeba habari mpaka milimani. Aliuawa 13 Oktoba 1961, kabla ya mwezi kwisha.

Tuje kwenye sheria ya nchi, maana hapa wengi wanachanganya. Rais wa Burundi lazima apate zaidi ya nusu ya kura. Asipopata mtu, wawili wa mbele hurudia duru ya pili. Basi yule anayekuambia kwamba kura yako ya duru ya kwanza kwa mgombea mdogo itampitisha adui anakuletea habari ya Kenya ya 1992 katika sheria isiyo ya Kenya. Duru ya kwanza unaweza kusema unachotaka. Duru ya pili utazuia usichotaka. Sheria haikukataza hilo.

Bunge ni habari nyingine. Kule tunachagua orodha ya chama, na chama kisichofikisha kura 2 kwa mia kwa nchi nzima hakipati kitu, hata kama kimeshinda kartie yako yote. Mgombea wa kujitegemea alitakiwa na katiba apate kura 40 kwa mia katika jimbo lake, mlima ambao hata wenye magari hawaupandi. Hapa kura ya tatu yaweza kuzama kweli. Vyama vitano vyenye moja kwa mia kila kimoja hupata sifuri mara tano, lakini wakikaa orodha moja wamevuka. Mwaka 2020 wagombea wa urais walikuwa saba. CNDD-FDD na CNL wakachukua karibu zote, na watano waliobaki kwa pamoja hawakufika 5 kwa mia. Juni 2025 CNDD-FDD ilitangazwa kuwa na zaidi ya 96 kwa mia na kuchukua viti vyote 100 vilivyogombewa, na hakuna mwingine aliyefika 2. Leo basi mazungumzo ya vyama viwili yenyewe ni ya kizamani. Mlango mmoja ndio uliobaki wazi, na mingine ina majina tu juu yake. Wale wenye vyama vidogo watalia kwamba wameonewa, na baadhi ya malalamiko yao yana haki. Lakini twawauliza pia: kati ya 2020 na 2025 tuliwaona wapi? Mlangoni petu hawakufika.

Hatumwambii mwanachama ampigie nani. Kura ni siri yake, na kama msimamizi wa kazi anauliza kadi ya chama kabla ya kuandika vibarua, kama tulivyosikia kwamba imetokea mahali pamoja, mwanachama atuletee habari hiyo. Hatutalitaja jina lake. Wala mfuko wa sendika hautatoa hata franka moja kwa chama. Kiongozi wetu anayetaka kugombea yuko huru, lakini aweke chini muhuri wetu kwanza.

Tunachoshauri ni namna ya kumpima huyu wa tatu akija. Aulizwe nani anamlisha, kama vile wale wa London walivyolishwa kwa peni. Aulizwe wanachama wake walikutana lini mara ya mwisho bila uchaguzi kuwa karibu. Aseme mbele ya watu, kabla ya kura, akipata viti vitatu atakaa na nani na kwa sharti gani. Aseme kama yuko tayari kuunganisha orodha na wadogo wenzake, au anataka tu jina lake liwe juu ya karatasi. Akijibu vizuri, usikubali kutishwa na neno la ziwani. Akibabaika, mwache aende zake, na wala usimpe kura kwa sababu tu umewachoka wakubwa.

Kwa upande wetu, kamati za mahali pa kazi zimeombwa kuandika swali moja juu ya kima cha chini cha mshahara: kiasi gani, na kuanzia tarehe gani. Tutalipeleka kwa kila anayegombea 2027, wa chama kinachotawala na wa chama cha watu kumi, kwa barua moja yenye maneno yale yale. Majibu tutayachapa katika ukurasa huu bila kuyapunguza. Asiyejibu tutachapa jina lake, na chini yake tutaacha nafasi wazi.